Prosesa haikufa: historia ya makosa ya mashini na dawa yake



Mimi ni mtu wa agronomia. Kazi yangu ni udongo, mbegu na maharagi. Lakini leo nataka kuwaandikia juu ya historia ya prosesa, kile kipande kidogo chenye kinafanya hesabu ndani ya ordinatere. Kuna kitu kilitufikia kwenye kazi, na nilipotafuta kujua sababu yake, nikajikuta nasoma mambo ya miaka 70 iliyopita.

Nilifanya staji katika shirika moja huku Kivu ya Kusini. Shirika lilikuwa na serveri za bledi za okazyo, zilitoka Ulaya. Kwa wenye hawajaona: bledi ni serveri nyembamba yenye inaingizwa kama droo ndani ya kabati moja la chuma. Kabati njo linagawia bledi zote kura, upepo wa kupoza na mtandao. Ndani ya bledi moja mulikuwa orodha ya wakulima wote wenye walipaswa kupata mbegu kwa msimu A.

Mwezi wa nane, ile bledi ikaanza kuwasha taa ya rangi ya machungwa. Inazimika, inajiwasha, inazimika tena. Katika daftari ya makosa yenye mashini inajiandikia mulikuwa maneno: kosa kwenye prosesa 1. Fundi akaangalia dakika mbili, akasema: "Prosesa imekufa. Mununue ingine." Wakanunua. Ilikaa njiani wiki na wiki. Ikafika, ikawekwa, siku mbili taa ya machungwa ikarudi. Na kopi ya mwisho ya orodha ilikuwa ya mwezi wa sita, mbele ya kuandika familia mpya. Msimu A haungoji mtu. Mvua ya mwezi wa tisa ilianguka, mbegu ziko ndani ya depo, orodha imefungwa ndani ya mashini. Mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, hii mashini yenu njo inaamuru mvua sasa?" Nilikosa jibu.

Mwishowe kijana mmoja, mdogo kuliko wote katika ekipe, alifanya mambo matatu. Kwanza, alibadilisha prosesa mbili nafasi: ya 1 akaiweka kwenye 2, ya 2 kwenye 1. Kama ugonjwa uko ndani ya prosesa, utaifuata kule imehamia. Haukuifuata, ulibaki kwenye nafasi 1. Pili, akachunguza pini za soketi kama hakuna yenye imepinda. Zilikuwa sawa. Tatu, akalinganisha famuwea ya ile bledi na ya jirani yake, yenye haijagonjwa hata siku moja. Ya jirani ilikuwa mpya, ya mgonjwa ilikuwa ya zamani sana. Akaweka ile ile kwa zote mbili. Taa ikazimika, na haikuwaka tena mpaka nilipomaliza staji. Na ile prosesa yenye tuliita maiti? Waliiweka ndani ya bledi ingine, ikafanya kazi.

Swali lenye lilinisumbua ni hili: kama tuliweka prosesa mpya kabisa, sababu gani ugonjwa ulirudi? Jibu liko ndani ya historia.

Amri ndani ya amri

Mwaka 1951, Mwingereza Maurice Wilkes wa Cambridge alitoa wazo moja. Wakati ule, kila amri ya ordinatere ilijengwa moja kwa moja na nyaya na lampu. Kubadilisha amri ilikuwa ni kubadilisha nyaya. Wilkes akasema: tugawanye kila amri kubwa katika amri ndogondogo, na tuziandike ndani ya hifadhi kama programu. Ni kama kumuambia mtu "panda". Yule mtu anajua ndani ya kichwa chake: chimba shimo, weka mbegu, funika, kanyaga kidogo. Hizo hatua ndogo njo tunaita mikrokodi. Mwaka 1958 ordinatere EDSAC 2 ilianza kazi pale Cambridge kwa njia hiyo.

Tarehe 7 Aprili 1964, IBM ikatangaza ukoo wa System/360: mashini ndogo na kubwa, zenye bei tofauti, lakini programu ya moja inatembea juu ya ingine. Ndani, mashini hazikufanana. Nyingi kati yao ziliweza kusikia amri sawa kwa sababu mikrokodi ilikuwa inatafsiri. Mwaka 1967, Ascher Opler akaleta neno "famuwea", kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kilichokazwa: si chuma, si programu ya kawaida, kiko kati.

Na hapa kuna jambo lenye lilinishangaza. Ile disketi ya zamani yenye wakubwa wetu waliitumia kuhifadhi barua na mashairi haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1971 IBM iliitoa, ikiwa na upana wa inchi 8, kwa kuingiza mikrokodi ndani ya mashini za System/370. Ilikuwa njia ya kutuma dawa: badala ya kutuma fundi na chuma, unatuma kipande chepesi cha plastiki.

Lakini mwaka ule ule 1971, Intel ikauza 4004, prosesa nzima juu ya kipande kimoja. Mashini zikawa ndogo na za bei rahisi. Ila katika maprosesa yenye yalifuata kwa zaidi ya miaka 20, kile kilichoandikwa kiwandani hakikubadilika tena. Kama kuna kosa, litabaki mpaka prosesa iondolewe. Watu wakazoea kusema: programu inakosea, prosesa haikosei.

Mwalimu wa hesabu na vyumba 5 vitupu

Thomas Nicely alikuwa mwalimu wa hesabu katika Lynchburg College, Virginia, Marekani. Alikuwa anachunguza namba tasa pacha, zile zenye zinaachana kwa 2, kama 11 na 13. Alikuwa anagawanya 1 kwa kila moja na kujumlisha, kwa mabilioni ya namba. Alikuwa na ordinatere kadhaa zinafanya hiyo kazi. Mwezi wa tatu 1994 akaongeza moja yenye prosesa mpya ya Intel, Pentium. Mwezi wa sita akaona hesabu hazilingani.

Angeweza kusema: "Pentium imeharibika," na kuituma. Hakufanya hivyo. Alianza kutoa sababu moja baada ya ingine. Labda programu yake mwenyewe? Akaichunguza. Labda ile programu yenye inatafsiri kodi? Labda kadi kubwa ya ordinatere? Akajaribu juu ya mashini zingine. Alifanya hivyo karibu miezi minne. Mwishowe akafika kwenye namba pacha 824.633.702.441 na 824.633.702.443. Kugawanya 1 kwa hizo kulikuwa kunatoa jibu baya juu ya Pentium, na jibu zuri juu ya prosesa za zamani. Tarehe 24 Oktoba 1994 akaarifu Intel. Kisha, tarehe 30, akaandikia wenzake.

Baadaye injenieri mmoja, Tim Coe, akapata mfano rahisi zaidi. Gawanya 4.195.835 kwa 3.145.727. Jibu la kweli linaanza na 1,33382. Pentium ilisema 1,33374. Ukichukua lile jibu ulizidishe tena kwa 3.145.727, kisha ulitoe katika 4.195.835, unapaswa kubaki na 0. Pentium ilibakisha 256.

Sababu? Pentium ilikuwa inagawanya kwa kuangalia ndani ya meza ya namba, kama vile sisi tulikuwa tunaangalia meza za hesabu kwenye shule ya msingi. Intel ilieleza kwamba meza hiyo ilikuwa na vyumba 1.066 vya kujazwa, na vyumba 5 vilisahaulika wakati wa kuhamisha meza kuingia kiwandani. Hesabu ikiangukia kwenye chumba kitupu, mashini inasoma 0, na inaendelea bila kusema kitu. Hakuna taa ya machungwa. Hakuna ujumbe. Inakupa paka jibu baya kwa sauti ya kujiamini.

Intel ilikuwa imeshagundua kosa yenyewe ule mwaka, ikanyamaza. Jambo lilipotoka hadharani, ikasema mtu wa kawaida atalikuta mara moja kwa miaka 27.000, na mwenye anataka prosesa ingine aonyeshe kwanza kwamba kazi yake inaihitaji. IBM ikafanya hesabu yake, ikasema inaweza kuwa mara moja kwa siku 24, na tarehe 12 Desemba ikasimamisha kuuza ordinatere zake zenye Pentium. Tarehe 20 Desemba Intel ikainama: kila mwenye anataka abadilishiwe bure, bila maswali. Mwezi wa kwanza 1995 ikatangaza gharama: milioni 475 za dola.

Vyumba 5, milioni 475. Tena haikuwezekana kuponya kwa famuwea, juu ile meza ilikuwa imechongwa ndani ya prosesa. Dawa ilikuwa moja tu: toa, weka ingine.

Dawa yenye inapotea kila usiku

Prosesa yenye ilifuata, Pentium Pro ya 1995, ilikuja na mlango mdogo: mtu anaweza kuingiza marekebisho ya mikrokodi baada ya prosesa kutoka kiwandani. Toka pale, makosa mengi ya prosesa yanaweza kutibiwa bila kushika tournevisi.

Lakini sikilizeni vizuri, hapa njo jibu la swali langu. Yale marekebisho hayakai ndani ya prosesa. Ukizima kura, yanapotea. Kila mara mashini inapowaka, BIOS, ile famuwea yenye inaamusha mashini, inayaingiza upya. Mfumo wa uendeshaji pia unaweza kuyaingiza, ikiwa uko nayo. Kwa hiyo dawa iko ndani ya bledi, haiko ndani ya prosesa. Sisi tulinunua prosesa mpya, tukaiweka ndani ya bledi yenye BIOS ya zamani, na BIOS ikainywesha dawa ile ile ya zamani. Ni kama kununua mbegu nzuri na kuipanda ndani ya udongo wenye ugonjwa, kisha unalaumu mbegu.

Kwa serveri za bledi, jambo hili ni kubwa zaidi. Mwaka 2001 kampuni RLX ya Houston ilitoa kabati lenye bledi 24 katika urefu wa sentimita 13 hivi. Mwaka 2006 HP ikatoa kabati la c7000, lenye kubeba bledi 16 zenye nguvu zaidi. Watu wakaanza kuwa na maprosesa mamia mahali pamoja. Kosa lenye linafika mara moja kwa miaka mingi juu ya ordinatere moja, linakuwa jambo la kila wiki ukiwa na elfu. Na kila bledi inaweza kuwa na toleo lake la famuwea kama hakuna mtu anayeandika. Kwetu hakuna mwenye aliandika.

Dawa yenye iligonjesha

Musifikiri sasa kwamba ninasema: "Kila siku wekeni famuwea mpya." Historia inakataza pia hilo.

Mwisho wa 2007, AMD iligundua kosa katika prosesa zake mpya za Opteron na Phenom, katika sehemu yenye inashughulikia anwani za kumbukumbu. Dawa ya BIOS ilikuwako, ila ilikuwa inapunguza mwendo wa mashini. Prosesa zenye zimeponywa kabisa zilitoka paka 2008.

Kisha tarehe 3 Januari 2018 dunia ikajua Meltdown na Spectre. Prosesa, ili ziende haraka, zilikuwa zinakisia kazi yenye itafuata na kuianza mbele. Watafiti walionyesha kwamba kule kukisia kunaacha alama, na mwizi anaweza kusoma siri kupitia hizo alama. Viwanda vikakimbilia mikrokodi mpya. Wenye serveri, kwa woga, wakaiweka haraka haraka juu ya mashini zote. Tarehe 22 Januari Intel yenyewe ikaomba watu wasimamishe: mashini zenye prosesa za ukoo wa Haswell na Broadwell zilikuwa zinajizima na kujiwasha kuliko kawaida. Serveri nyingi za wakati ule zilikuwa na hizo prosesa. Viwanda vya serveri vikaondoa BIOS zenye vilikuwa vimetoka kuzitoa, na watu wakaambiwa warudie toleo la nyuma.

Angalieni: bledi yenye inajizima bila sababu, taa inawaka, mtu anasema prosesa imekufa. Safari hii ugonjwa ulikuwa dawa yenyewe. Mwenye alijaribu kwanza juu ya bledi moja, akangoja siku chache, alipoteza bledi moja. Mwenye aliweka juu ya zote alipoteza usingizi.

Wakati prosesa inakufa kweli

Kuna pia siku prosesa iko na kosa la kweli. Mwaka 2021 mainjenieri wa Facebook waliandika juu ya kesi moja. Programu ilikuwa inafungua mafaili yaliyofinywa, na mbele ya kufungua inahesabu ukubwa wa faili. Kwa mafaili fulani, hesabu ilitoa 0. Programu ikafikiri faili ni tupu, haikuiandika, na mafaili yakaanza kukosekana. Walitafuta mpaka wakafika kwenye hesabu moja: 1,1 mara yenyewe mara 53. Jibu, ukiacha desimali, ni 156. Kiini kimoja cha prosesa moja kilisema 0. Viini vingine vyote vya mashini ile ile vilisema 156.

Mwaka ule ule watafiti wa Google waliandika kwamba wanakuta viini vichache vya namna hiyo kwa kila mashini elfu kadhaa. Mikrokodi mpya hairekebishi kiini chenye kimeharibika chenyewe. Unakitenga, au unatoa prosesa. Lakini waone jinsi walivyojua: waliuliza swali moja kwa kiini mgonjwa na kwa kiini kizima, wakalinganisha.

Parseli ya shahidi

Kwa agronomia, mwaka wa kwanza tu, wanatufundisha parseli ya shahidi. Unataka kujua kama mbolea inasaidia? Unaacha kipande cha shamba bila mbolea, udongo uleule, mbegu ileile, mvua ileile. Bila shahidi hujui kitu, unakisia tu. Majani ya mhindi yakigeuka manjano, inaweza kuwa azoti inakosekana, inaweza kuwa maji mengi, inaweza kuwa ugonjwa. Mwenye anakimbilia kununua dawa mbele ya kulinganisha, anapoteza franga na msimu.

Nicely alikuwa na mashahidi: ordinatere zake za zamani. Facebook ilikuwa na mashahidi: viini vizima. Kijana wetu alikuwa na shahidi: bledi ya jirani. Fundi wa kwanza hakuwa mjinga, alisoma maneno yenye mashini iliandika. Ila mashini inaandika mahali inasikia maumivu, haiandiki sababu. Mtoto akilia "tumbo", inaweza kuwa malaria.

Kwa hiyo wenzangu, wengi kati yetu tutafanya kazi katika ofisi zenye serveri za okazyo, bila kandarasi na kiwanda, bila pesa ya kununua kitu mara mbili. Siku mtu atawaambia "prosesa imekufa", mumuulize kwa heshima: Kopi ya data iko wapi, na ni ya tarehe gani? Ukihamisha prosesa, kosa linaifuata ao linabaki? Pini za soketi ziko sawa? Famuwea ya hii bledi na ya jirani ni toleo moja? Na kama kuna toleo jipya, tunalijaribu kwanza juu ya bledi gani? Maswali hayo hayaombi hata dola moja. Sisi tulilipa prosesa yenye hatukuihitaji, na hiyo si kitu.

Ile yenye inaniuma ni ingine. Mwezi wa kumi nilipita katika shamba la yule mama. Maharagi yake yalikuwa mafupi kuliko ya jirani yake, mwenye alitumia mbegu yake ya nyumbani na akapanda na mvua ya kwanza. Parseli mbili, udongo mmoja, mvua moja. Hakunilaumu, alinipa hata kiti. Lakini nilikuwa nimeona shahidi, na ushahidi ulikuwa juu yetu.